Kulala Rahisi, Kuamka Ndiyo Kazi

Siku hiyo nilitoka tao saa kumi na moja jioni. Laptopu ilikuwa na chaji asilimia 81. Nakumbuka kwa sababu niliiangalia vile mtu huangalia salio la M-Pesa kabla ya kupanda gari. Nikaifunika, nikaitia kwenye begi, nikalipakata begi. Matatu ikaingia Thika Road, ikasimama kama imeota mizizi. Tukiwa Allsops nikahisi joto mapajani. Nikadhani ni jua la jioni. Tulipofika Roysambu begi lilikuwa moto, utadhani nimebeba chapati za kutoka jikoni.

Nyumbani stima ilikuwa imepotea. Si shida, nikajiambia, chaji iko. Nikainua kifuniko. Kioo cheusi tii. Feni inanguruma, kitaa cha pembeni kinawaka, lakini ukiigusa haijibu. Nikabonyeza kila kitufe. Mwishowe nikashikilia kile cha kuwashia mpaka ikazima kabisa, nikaiwasha upya. Asilimia 6. Dakika chache baadaye, giza.

Ndani yake kulikuwa na mahojiano ya dakika arobaini niliyokuwa nayachapa neno kwa neno tangu asubuhi. Nusu yake sikuwa nimeihifadhi. Nilikuwa nimezoea kufunika tu na kuendelea kesho. Kazi ilitakiwa kabla ya saa sita usiku, malipo shilingi 4,500. Kodi ya chumba changu ilikuwa 6,500, na mwenye ploti alikuwa ashaanza kunisalimia kwa ile sauti. Nilimwandikia mteja kwa simu nikaeleza. Hakujibu usiku ule, na hajawahi kujibu tangu hapo.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi aliyeniuzia hiyo mashine, ex-UK ya shilingi 28,000. Akaiangalia kidogo tu.

"Boss wangu, mashine haina makosa. Ni hiyo Linux yako. Rudisha Windows, na wewe pia utalala."

Nilikasirika. Kwanza, pesa ya leseni ya Windows sikuwa nayo. Linux niliwekewa na binamu yangu kwa flash, bure, kwa sababu Windows iliyokuja na mashine ilikuwa inanidai leseni kila asubuhi. Pili, nilishuku kwamba fundi ana ukweli fulani. Mashine ni ile ile, betri ni ile ile. Kwa nini ilale ikiwa na Windows na ikeshe ikiwa na Linux? Swali hilo nimelifuata wiki kadhaa, na limenirudisha nyuma zaidi ya miaka thelathini.

*

Tuanze na kulala kwenyewe. Unapofunika laptopu, kazi yako iko kwenye RAM, kumbukumbu inayosahau kila kitu umeme ukikatika. Kulala maana yake ni kuzima karibu kila kitu: prosesa, kioo, diski, waifai, USB. Unabakisha umeme kidogo sana wa kuilisha RAM peke yake. Ni kama ploti usiku: vyumba vyote taa zimezimwa, amebaki askari mmoja getini na redio yake.

Hiyo ni sehemu rahisi. Kazi iko asubuhi. Kila kifaa kinaamka kikiwa kimesahau kilikuwa nani, na lazima kikumbushwe: wewe ni kadi ya picha, kioo chako kina upana huu, ulikuwa unachora ukurasa huu. Kifaa kimoja kikikosa kukumbushwa, au kikigoma, mashine nzima inaweza kukwama hapo hapo gizani. Sasa ni nani wa kukumbusha? Huo ndio ugomvi wenyewe.

Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa mpango ulioitwa APM. Chini ya APM kazi kubwa ilikuwa ya BIOS, ile programu ndogo ambayo kampuni huichoma ndani ya bodi kabla mashine haijatoka kiwandani. Mfumo endeshi ulisema tu "lala", BIOS ikafanya mengine. BIOS iliijua mashine yake vizuri, lakini haikujua wewe unafanya nini.

Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakaja na ACPI, na ACPI ikageuza mambo. Mkubwa sasa ni mfumo endeshi. BIOS inabaki kutoa majedwali yanayosema: kifaa fulani kiko hapa, na hizi ndizo hatua za kukilaza na kukiamsha. Hatua zenyewe zimeandikwa kwa lugha maalum iitwayo AML, na mfumo endeshi lazima uwe na mkalimani wake ndani. Viwango vya usingizi vikapewa namba. S0 uko macho. S3 umelala, RAM pekee inalishwa. S4 umeandika kila kitu kwenye diski ukazima. S5 umezimwa kabisa.

Kwenye karatasi ni mpango mzuri, na karatasi yenyewe mtu yeyote anaweza kuisoma. Shida ilikuwa kiwandani. Kampuni za laptopu ziliandika majedwali yao, zikayajaribu kwenye Windows, yakifanya kazi mashine ikaenda sokoni. Kama kulikuwa na kosa ambalo Windows ililivumilia, kosa likasafiri na mashine. Hata kompaila za kutengenezea majedwali zilikuwa mbili, ya Microsoft na ya Intel, na ile ya Microsoft ilipitisha makosa ambayo ya Intel iliyakataa.

Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wa Linux walikuwa wakiyatoa majedwali ya laptopu zao wenyewe, wanayafungua, wanayasahihisha kama mwalimu na insha za darasa la saba, kisha wanayarudisha ndani ya kerneli. Fikiria hilo. Mtu anataka tu kufunika laptopu aende kula, na kabla ya kula inabidi asahihishe kazi ya injinia aliyelipwa.

Halafu kuna jambo moja lililonichekesha. Ndani ya majedwali hayo kuna mahali BIOS inauliza mfumo endeshi: unaielewa "Windows 2001"? Hiyo ndiyo XP. Ukijibu ndiyo, unapitishwa njia iliyojaribiwa. Ukikataa, unaweza kupelekwa njia ambayo kiwandani hakuna aliyewahi kuipita. Linux ikajifunza kujibu ndiyo. Mpaka leo, ikiulizwa kuhusu Windows, inaitikia. Jina lake lenyewe iliwahi kulikubali pia, lakini kuanzia toleo la 2.6.23, lililotoka Oktoba 2007, ikaacha: ikiulizwa kama ni Linux, inasema hapana. Yeyote aliyewahi kusimama kwa geti la Kileleshwa akaulizwa "umetumwa na nani?" ataelewa. Unataja lile jina linalofungua geti.

*

Je, hayo yalikuwa makusudi? Kuna karatasi moja inayotajwa kila mara mjadala huu ukizuka. Ni barua pepe ya Bill Gates ya Januari 24, 1999, iliyokuja kuonekana hadharani kama kielelezo katika kesi iliyoitwa Comes dhidi ya Microsoft, huko Iowa, Marekani. Ndani yake Gates anajiuliza kama nyongeza za ACPI zisingeweza kufanywa ziwe za Windows tu kwa namna fulani. Anaona si haki Microsoft na washirika wake wafanye kazi yote halafu Linux ifaidike bila kutoa jasho. Anagusia hata hataza.

Nimeisoma barua hiyo mara kadhaa. Haithibitishi kwamba jambo hilo lilifanyika. Inathibitisha kwamba liliwazwa, tena na mkubwa mwenyewe. Mimi naona halikuhitaji hata kufanyika. Kampuni ya laptopu ikiwa inauza kwa wateja ambao karibu wote wanatumia Windows, hakuna haja ya njama. Inatosha tu kutojaribu kitu kingine. Sisi wa huku tunajua hali hiyo vizuri. Mara nyingi kitu hakikufanyii kazi kwa sababu aliyekitengeneza hakukufikiria kabisa. Hakukuchukia, hakukuwaza tu.

Waliowaza ni wengine. Wazo la kuilaza Linux kwa kuandika RAM yote kwenye diski lilianzishwa na Gabor Kuti, likaendelezwa na Pavel Machek wa Ucheki, na likaingia kwenye kerneli za majaribio za 2.5 mwaka 2002. Nigel Cunningham, kule Australia, akatengeneza toleo lake, ambalo baadaye liliitwa TuxOnIce. Wengi walilipenda, akalihudumia miaka na miaka, lakini halikuwahi kukubaliwa ndani ya kerneli rasmi. Rafael Wysocki wa Poland akaja kuwa msimamizi wa mambo yote ya umeme kwenye Linux. Wengine walifanya kwa muda wao wa usiku, wengine walilipwa na kampuni kama SUSE na Intel. Na tuseme ukweli: mkalimani wa AML ambaye Linux inamtumia aliandikwa na Intel yenyewe na kutolewa huria.

Kisa cha kioo cheusi kilikuwa kigumu kuliko vyote. Mashine ikiwashwa, BIOS ndiyo huiamsha kadi ya picha. Mashine ikitoka S3, BIOS nyingi hazikujisumbua, maana draiva za Windows zilijua kufanya hivyo zenyewe. Kampuni za kadi hazikutoa maelezo kwa watu wa Linux. Matokeo: laptopu imeamka, diski inazunguka, muziki hata unaweza kuendelea, lakini huoni kitu. Matthew Garrett akaandika programu ndogo, vbetool, ya kuendesha upya maagizo ya BIOS ya kadi ya picha. Machek, Wysocki na wenzao wakaweka orodha ndani ya programu iitwayo s2ram: modeli hii ya laptopu inataka hila hii, ile inataka ile. Orodha ilikua mstari kwa mstari, kila mstari ukiletwa na mtu aliyejaribu kwenye mashine yake, akaganda gizani, akajaribu tena mpaka ikaamka. Mwaka 2009, kerneli 2.6.29 ilipoanza kusimamia kioo cha kadi za Intel moja kwa moja, hila nyingi zilianza kupoteza kazi.

Miaka hiyo ndiyo CD za Ubuntu zilikuwa zinatumwa bure mpaka kwa sanduku lako la posta, huku Kenya pia, hadi mpango huo ulipofungwa 2011. Binamu yangu bado anayo moja, ndani ya jalada lake la karatasi. Nilimuuliza kama laptopu yake ya wakati huo ilikuwa inalala. Akacheka sana. "Kulala? Bro, tulikuwa tunazima."

*

Lakini kitu nilichokipenda zaidi katika historia hii yote ni saa.

Mashine ikiganda wakati wa kuamka, haikuachii ushahidi. Kioo hakijawaka, kwa hiyo hakuna ujumbe. Diski bado imelala, kwa hiyo hakuna kumbukumbu ya maandishi. Ukiizima kwa nguvu, RAM inafutika. Utajuaje ni kifaa gani kilichokwama? Mwaka 2006 Linus Torvalds aliongeza hila kwenye kerneli, inaitwa pm_trace. Aliona kwamba kuna kitu kimoja tu ndani ya kompyuta ya kawaida kinachobaki na kumbukumbu hata mashine ikizimwa hivyo: ile saa ndogo ya kwenye bodi, yenye betri ya mviringo kama kidonge. Kwa hiyo kila hatua ya kuamka, kerneli inaandika alama ya hatua hiyo ndani ya saa, mahali pa tarehe. Mashine ikiganda, unaizima, unaiwasha haraka ndani ya dakika kama tatu hivi kabla saa haijasogea sana, na kerneli inaisoma ile tarehe ya ajabu na kukutajia kifaa cha mwisho kuguswa. Saa yako inaharibika. Ndiyo bei yenyewe.

Nilisoma hayo kwenye nyaraka za kerneli usiku mmoja, nikaona basi, tujaribu.

Kwanza nilikuwa nimegundua kitu kingine. Kuna faili linaitwa /sys/power/mem_sleep. Ukilisoma, linakuonyesha aina za usingizi ambazo mashine yako inazijua, na iliyochaguliwa imewekwa ndani ya mabano ya mraba. Yangu ilisema: [s2idle] deep. Deep ni S3, usingizi wa kweli. S2idle ni kitu kipya, na hapa kuna mkunjo wa mwisho wa hadithi.

Windows 8, mwaka 2012, ilileta wazo la laptopu kulala kama simu: haizimi, inasinzia tu, barua pepe zinaendelea kuingia. Windows 10 ikaliendeleza kwa jina la Modern Standby. Kampuni za laptopu zikafuata. S3, ambayo watu wa Linux walikuwa wamehangaika nayo zaidi ya mwongo mzima mpaka ikakaa sawa kwenye mashine nyingi, ikaanza kuondolewa. Mwaka 2018 ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha sita ilitoka bila S3. Watumiaji wa Linux wakapiga kelele, na Lenovo ikatoa BIOS mpya yenye chaguo la usingizi: moja limeandikwa Windows 10, jingine Linux. Si kila kampuni imefanya hivyo.

Katika kusinzia, vifaa vyote vinapaswa kunyamaza vyenyewe. Kimoja kikikataa, mashine inakaa macho ndani ya begi lako, feni inanguruma, na wewe uko Allsops ukidhani ni jua.

Basi nikaongeza mem_sleep_default=deep kwenye maagizo ya kuwashia. Nikafunika. Joto hakuna, feni kimya, kitaa kinapepesa polepole. Nikafungua. Kioo cheusi.

Nikawasha pm_trace. Nikaiagiza ilale, nikaiamsha, ikaganda. Nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha, mikono inanitetemeka kidogo, si kwa hofu ya mashine, kwa hofu ya zile dakika tatu. Ikafunguka. Saa kwenye kona ilisema ni mwaka 2067. Nikijaribu kufungua tovuti yoyote inakataa, inadai vyeti vyote vimepitwa na wakati. Kulingana na laptopu yangu, mimi tayari ni mzee wa mvi. Nikasoma ujumbe wa kerneli. Mstari mmoja ulitaja kifaa.

Kisomaji cha kadi za SD. Kale katundu ka pembeni. Sijawahi kuingiza chochote humo tangu niinunue.

Nikaizuia draiva yake isipakiwe. Nikarekebisha saa. Nikafunika, nikahesabu mpaka sitini, nikafungua. Kioo kikawaka. Kishale kilikuwa kinapepesa pale pale, katikati ya neno nililokuwa nimeliacha.

*

Nilirudi kwa fundi kumwonyesha. Nikafunika, nikafungua, mara tatu. Akatikisa kichwa. "Sasa hiyo umefanya wewe mwenyewe?"

Nikataka kusema ndiyo. Lakini si kweli. Mkono ulikuwa wangu, ila ile hila ya saa ilikuwa pale tangu 2006, imewekwa na mtu ambaye hatanijua, pamoja na nyaraka za kunieleza nifanye nini hatua kwa hatua. Nikamwambia nilikuta wameandika. Akaniomba nimwandikie na yeye, kwa sababu ana mashine mbili za aina hiyo hiyo ambazo wateja wamerudisha. Nikamwandikia kwenye karatasi ya risiti, mistari minne. Akaibandika ukutani, kando ya kibandiko cha Lipa na M-Pesa.

Simu yako ya Android, kama unasoma hii kwa simu, inaendesha kerneli hiyo hiyo, na ukiizima kioo inalala na kuamka bila wewe kujua. Watu wa Android na wa kerneli walivutana miaka kadhaa juu ya namna ya kuilaza, mpaka toleo la 3.5 la Julai 2012 lilipoleta njia waliyoweza kuishi nayo. Hakuna kitu hapo kilichokuja chenyewe.

Juzi binamu alinunua laptopu mpya, bado ina harufu ya plastiki. Akaiwekea Linux siku hiyo hiyo, tukasoma lile faili pamoja. Lilisema [s2idle], basi. Deep haipo. Tumeiacha juu ya meza ikiwa imefunikwa usiku kucha, asubuhi tukaangalia chaji: imekula asilimia 19. Kifaa kimoja humo ndani hakilali, na bado hatujakijua.

Mimi siku hizi nahifadhi faili kwanza, ndipo nafunika.